Naombeni ushauri: kurekodi efekti za sauti kwa vitu vya nyumbani, kwa ajili ya simulizi

Msimulizi wa Rangi Tatu

Wakuu, habari za humu ndani.

Niende moja kwa moja. Nafanya simulizi za sauti, zile za kusikiliza na earphone ukiwa kwenye daladala au lindoni usiku. Mwanzo nilikuwa naokota milio mtandaoni, napachika, maisha yanaenda. Mwezi uliopita sehemu mbili za simulizi yangu zimepigwa dai la hakimiliki kwa sababu ya mlio wa radi. Radi tu, jamani! Sasa vihela vya sehemu hizo vinaenda kwa mtu nisiyemjua. Nimeamua milio nitengeneze mwenyewe.

Simulizi ninayoandaa inahusu jahazi la magendo ya karafuu, miaka ya nyuma huko, linatoka Pemba usiku kwenda Shimoni. Dhoruba inalikuta katikati ya mkondo, mabaharia wanapigana, mmoja anavunjwa mkono, na wakifika upande wa pili mzigo unabebwa na punda. Kwa hiyo nahitaji mvua ya juu ya bati (kuna mandhari ya nyumbani pia), radi, mbao za jahazi zikilia, tanga kwenye upepo, kwato za punda, ngumi, na huo mkono kuvunjika.

Nilichonacho ni simu ya Android ya kawaida, maiki ya kubana kwenye shati (Boya BY-M1) na laptop ya zamani yenye Audacity (programu ya kuhariri sauti). Naishi chumba kimoja, sakafu ya vigae, jirani anauza chipsi hadi usiku mnene. Bajeti haizidi laki na nusu.

Juzi mvua imenyesha vizuri, nikaweka simu barazani nikarekodi bati. Nikisikiliza naipata kama TV iliyopoteza chaneli. Tatizo ni simu au ni mimi?

Siti ya Mbele

Nimeshakaa, karanga mkononi. Waje wataalamu.

fundi_vipaza

Mkuu, wewe huna kosa, na simu usiilaumu sana. Programu ya kurekodi inayokuja na simu imeundwa kwa ajili ya mtu anayeongea. Ikisikia "shhhh" inayoendelea inaichukulia ni kelele na kuanza kuifuta. Sasa mvua ni nini kama si "shhhh"? Juu ya hapo simu inajipandisha na kujishusha sauti yenyewe: pakiwa kimya inavuta, tone kubwa likidondoka inabana. Unabaki na uji.

Tafuta programu inayokuruhusu kuchagua chanzo cha sauti kisichochakatwa. Android iliweka nafasi hiyo tangu toleo la 7, ingawa si kila simu inaiheshimu, kwa hiyo jaribu. Rekodi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), kilohezi 48, na vilele vya sauti viishie kwenye desibeli -12 hivi. Simu iwe kwenye hali ya ndege, la sivyo meseji ikiingia utasikia ule mlio wa "dididi dididi" juu ya kazi yako.

Lakini hata ukipewa maiki ya milioni, mvua ya bati ukiirekodi yote kwa mkupuo itatoka hivyo hivyo. Matone elfu yakigonga kwa pamoja, yanamezana. Sikio linaamini mvua likisikia matone machache ya karibu juu ya ule mngurumo wa mbali. Kwa hiyo rekodi mvua ya jumla ukiwa ndani, mlango umeufungua kidogo. Hiyo ni tabaka la chini. Kisha sogeza maiki karibu kabisa na kitu kimoja: tone linalotoka ukingoni mwa paa na kugonga kopo, maji yakianguka kwenye turubai, au kwenye jani la mgomba. Weka juu, sauti kidogo tu. Ukikosa mvua, mimina mchele polepole kwenye kipande cha bati kilichoinamishwa, chini yake umetandika kanga ili bati lisilie sana. Na kitu kingine ambacho watu hawaamini hadi wasikie: mafuta ya kukaangia maandazi, yakiwa yamechemka vizuri, maiki ikiwa mbali na joto. Hiyo ni mvua tosha.

Kuhusu chumba, vigae ndivyo adui, vinarudisha mwangwi. Sogeza godoro lisimame ukutani, tundika mablanketi, fanyia kazi katikati. Zima feni na friji. Umeme wetu ni wa hezi 50 na mngurumo wake unaingia kila mahali, husikii ukiwa pale, unausikia ukishapandisha sauti usiku wa kuhariri. Kuna ujanja wa warekodi wa zamani: ukizima friji weka funguo zako za nyumba ndani yake, hutaondoka bila kukumbuka kuiwasha. Muda mzuri ni saa nane hadi saa kumi usiku, chipsi zimelala na adhana haijaanza.

Na jambo la mwisho, ambalo ni bure na linashinda vifaa vyote: sogea karibu. Kila ukiongeza umbali mara mbili, unapoteza kama desibeli 6 za kitu chako, ila feni ya jirani inabaki pale pale.

Msimulizi wa Rangi Tatu

Mkuu fundi_vipaza, ubarikiwe. Funguo kwenye friji nimecheka peke yangu. Vipi kuhusu jahazi? Nilitaka niende Kunduchi nikarekodi lenyewe.

fundi_vipaza

Unaweza, ila pwani kuna upepo, na maiki yako haina manyoya ya kuzuia upepo. Utarudi na "buuu, buuu" tu. Kwa mbao na kamba zinazolia, tafuta kitanda cha teremka tukaze. Wengi wana bibi kijijini au jirani ambaye bado anacho. Kaa ukingoni, hamisha uzito taratibu kutoka nyonga moja kwenda nyingine, maiki uibane kwenye kamba zenyewe chini ya kitanda. Mbao na kamba vinalia kwa pamoja, sawa na chomboni. Ukishusha kasi kidogo kwenye Audacity, kitanda cha futi nne kinageuka chombo cha tani kadhaa. Kitu kikubwa hutikisika polepole na mlio wake huwa mzito, kwa hiyo ukipunguza kasi unakiongezea ukubwa.

Mkanda wa ngozi uliokauka nao mzuri, uusokote karibu na maiki.

Baharia Mkongwe

Nimeona uzi huu nikasema nisipite kimya. Nimekaa kwenye vyombo ujana wangu wote.

Kijana, kitanda sawa, lakini dhoruba yako umeiandika kama mtu wa bara. Tanga kupigapiga kwenye upepo? Nahodha mwenye akili akiona wingu jeusi anatua tanga kabla halijafika. Kinachosikika ni kapi (gurudumu la kamba) likilia, henza (kamba ya kupandishia tanga) ikikimbia mikononi mwa watu, foromali (boriti ya tanga) ikishuka na kugonga, halafu kitambaa kizito kuanguka juu ya watu na mzigo. Baada ya hapo upepo unapiga mlingoti mtupu. Na sauti inayotawala usiku wote si ngurumo wala mawimbi, ni watu kukumba maji ngamani, chini kabisa ndani ya chombo. Kopo linakwangua mbao, linachota, maji yanamwagwa nje. Linakwangua, linachota. Ukisikia mwendo huo umeongezeka kasi, hapo ndipo unajua watu wameanza kuogopa.

Hiyo hata kwenye beseni unaipata.

Msimulizi wa Rangi Tatu

Mzee wangu shikamoo. Hapo umenibadilishia ukurasa mzima wa simulizi, kweli kabisa. Naenda kuandika upya.

Baharia Mkongwe

Marahaba. Tumia kopo la bati, la plastiki halikwangui. Na chini ya beseni weka ubao, vinginevyo utasikika unaoga.

Kamusi ya Mtaa

Mnajitesa bure. Freesound, ile maktaba ya milio mtandaoni, ina kila kitu, unapakua, unapachika, unalala. Mtu anapiga mchele kwenye bati saa nane usiku halafu anajiita msanii.

BintiAmu

@Kamusi ya Mtaa, vyatosha kwa wewe labda. Huko maktabani nimetafuta sauti ya soko nikapata soko lenye watu wanaongea Kiingereza na ndege wa Ulaya. Nani atakuamini uko Shimoni?

Kakangu Msimulizi, mimi nitakuambia ya punda, kwa kuwa huku Amu (Lamu) ndio usafiri wetu. Watu hutumia vifuu vya nazi, na ni sawa, ila wanavigonga kwenye meza kavu wakatoa farasi wa filamu za kizungu aliyevishwa chuma. Punda wetu hawavishwi chuma. Kwato zake zagonga kwa ulaini, na mara nyingi atembea juu ya mchanga au udongo. Vifunge vifuu kwa kitambaa chembamba, chukua sinia, tia mchanga mkavu na vijiwe vichache, gonga humo. Kwenye njia nyembamba yenye kuta za mawe ongeza mwangwi mfupi tu.

Jambo la pili ni mwendo. Punda akitembea, kila mguu hutua kivyake, mapigo manne kwa zamu. Akienda mbio ndogo, miguu hutua miwili miwili kwa mkingamo, wasikia mapigo mawili. Mikono yako ni miwili, kwa hiyo kwa kutembea rekodi mara mbili na uziweke pamoja, usizilinganishe sawasawa. Na punda aliyebeba gunia la karafuu hatembei kama punda mtupu. Gonga kwa uzito, na kokota kidogo kifuu cha nyuma.

Sauti ya shogi (kikapu cha mzigo cha mgongoni mwa punda) na kamba kusuguana nayo usiisahau. Kikapu cha ukili chatosha.

Mhariri wa Usiku

BintiAmu amemaliza suala la punda. Niongezee kwa Kamusi ya Mtaa, kwa sababu wengi wanaingizwa mjini hapo.

Freesound ni mahali pazuri, ilianzishwa 2005 na chuo kikuu cha Pompeu Fabra huko Barcelona. Lakini kila mlio una leseni yake. Wenye CC0, yaani mwenyewe ameachia haki zote, unatumia utakavyo. Wenye sharti la kumtaja mwenyewe, lazima umtaje kwenye maelezo ya video. Na wenye sharti la kutofanya biashara usiuguse kama chaneli yako inaingiza matangazo. Mkusanyiko wa milio wa BBC nao unapakulika bure, ila bure hiyo ni ya matumizi binafsi, masomo na utafiti. Kwa simulizi inayoingiza hela unatakiwa ununue leseni. Mleta mada tayari ameshaonja joto ya dai la hakimiliki, kwa hiyo simlaumu akichagua kukaa na mchele.

Mimi ningefanya hivi: vitu ambavyo havina kwao, kama mlango au glasi kuvunjika, chukua CC0 upumzike. Vitu vyenye kwao, rekodi mwenyewe. Kunguru wa Dar akilia mara moja tu, msikilizaji anajua tuko pwani kabla hujasema neno. Chura wa bondeni wakati wa masika, konda akigonga bodi la daladala, mama ntilie anakwangua sufuria. Hizo huzipati Barcelona. Angalizo moja, sehemu za bandari, vivuko na kambi usitoe maiki yenye manyoya bila ruhusa. Utaeleza "efekti" hadi ulimi ukauke.

Kamusi ya Mtaa

Sawa mwalimu, nimekuelewa. Ila kwa nini huyu Mmarekani wa Hollywood asichukue sauti halisi? Nilisikia nao wanapiga piga makorokoro.

fundi_vipaza

Wamefanya hivyo tangu filamu zilipoanza kuongea. Jack Foley wa studio ya Universal, mwishoni mwa miaka ya 1920, alikuwa anasimama mbele ya skrini na kufanya nyayo na vishindo huku picha inakwenda, na hadi leo kazi hiyo inaitwa kwa jina lake. Kule BBC mwaka 1963, Brian Hodgson alikwangua nyaya nzito za piano kwa ufunguo wa nyumba akapata mlio wa chombo kinachosafiri kwenye wakati, kile cha tamthilia ya Doctor Who. Ben Burtt naye, kwa bunduki za Star Wars ya 1977, alipiga waya wa chuma unaoshikilia mnara. Ule mlio wa "piuu" unatokana na kwamba kwenye waya mrefu uliokazwa sauti nyembamba hukimbia kuliko nzito, kwa hiyo zinafika kwa kupishana. Unaweza kusikia mwenyewe: weka sikio kwenye waya mrefu wa uzio, mwenzako agonge mbali na jiwe. Kwenye mnara wa simu usijaribu, mlinzi hatakuelewa.

La kujifunza kwa Foley ni kwamba alikuwa anaigiza. Mleta mada, usirekodi kopo likikwangua halafu ukakate na kupachika. Weka earphone, cheza sauti yako ya kusimulia, na ukumbe maji ukiifuata. Nahodha akipaza sauti, mkono wako wenyewe utaongeza kasi.

Mama Wawili

Mimi ni msikilizaji tu wa simulizi, sijui kurekodi. Ila hizi ngumi za kwenye simulizi za Kibongo, "dish! dish!", zinachosha. Hakuna mtu anapigwa hivyo.

Mhariri wa Usiku

Dada umesema kweli. Ngumi halisi haina sauti kubwa, ni "dup" ya nyama, na nguo, na pumzi inayotoka. Kipande cha nyama ya ng'ombe chenye mfupa, kikilazwa kwenye ubao na kupigwa kwa kiganja, kinatosha. (Kipikwe baadaye, msitupe.) Ongeza mkwaruzo wa shati na mtu akikata pumzi. Kwa mkono kuvunjika, muwa. Karoti inakatika haraka mno, haina maumivu. Muwa una nyuzi. Kwa vidole, maganda ya karanga au tambi kavu. Ukitaka damu au jeraha kufunguliwa, mlenda uliopoa kwenye bakuli, uukamue taratibu kati ya vidole, maiki karibu. Nawaonya, hamtakula mlenda wiki hiyo.

Kuhusu radi: nenda mtaa wa Gerezani, Dar, kwa mafundi bati, omba kipande cha bati bapa, chembamba, kirefu cha kufika kifuani. La migongo migongo halifai, ni gumu halijikunji. Kitundike kwa kamba, kitikise kwa kukishika pembe ya chini, kisha shusha kasi. Ila sikiliza hili vizuri: wasikilizaji wako wako kwenye daladala, na wengine wanasikilizia spika ya simu. Spika ile ndogo haitoi kabisa sauti nzito. Ukitengeneza radi ya besi tupu, wao watasikia kimya. Lazima juu uweke mpasuko, "kraa!". Bua kavu la mahindi likipasuliwa karibu na maiki linakupa huo. Kabla hujapandisha sehemu, isikilize kwenye simu mbovu kuliko zote nyumbani.

Na kile kifaa cha kupunguza kelele cha Audacity, tumia kidogo. Ukikaza sana kila kitu kinakuwa kama kimerekodiwa chini ya maji. Kwenye jahazi inaweza kukusaidia, kwenye punda haitakusaidia.

Msimulizi wa Rangi Tatu

Wakuu, mrejesho.

Kukumba maji nimefanya kama Mzee alivyoelekeza, ubao wa kukatia mboga chini ya beseni, kopo la maziwa. Nilipoisikiliza pamoja na simulizi nilikata mistari kama mitano ya maelezo ya dhoruba, haikuhitajika tena.

Muwa ndio umenitisha. Nimeufunga kwenye taulo lililolowa, maiki nimeibana kwenye taulo lenyewe, nikaukunja taratibu. Kwanza nyuzi zinalia ndani kwa ndani, unasikia maji ya muwa yanakamuliwa, halafu "kach" moja fupi, na baada ya hapo nyuzi chache zinamalizikia moja moja. Mke wangu kavua earphone kabla sijamaliza kumsikilizisha.

Kilichonishinda ni mvua. Nimepata matone mazuri ya kopo na turubai, lakini tabaka la chini bado lina ile "shhh" ya simu. Nimejaribu programu mbili, nadhani simu yangu ni katika zile zisizoheshimu. Je, hiyo laki na nusu ninunue nini?

fundi_vipaza

Kwa tabaka la chini tumia mafuta ya maandazi, au rekodi kwa kuchomeka maiki ya Boya kwenye laptop badala ya simu. Ina swichi, iweke upande wa kamera, betri yake ndogo iwe nzima. Huenda ukamaliza tatizo bila kutoa senti.

Pesa yako ningeigawa. Kwanza godoro la pili la bei ya chini na mablanketi ya mtumba, chumba kife mwangwi. Inayobaki itunze hadi ifikie rekoda ya mkononi. Zoom H1n ya mtumba ikipita karibu usiiache. Ukibahatika na H1essential ni bora zaidi, inarekodi kwa biti 32 za floti, yaani hata bati likilia ghafla sauti haipasuki, unaishusha baadaye.

BintiAmu

Na punda?

Msimulizi wa Rangi Tatu

Punda yuko tayari dada, na kikapu cha ukili nimeazima. Nikupe usikilize uniambie kama ni wa Amu au wa Kibaigwa, kule bara Dodoma? Natuma WhatsApp.

BintiAmu

Tuma, ila kwa njia ya dokumenti, si kama sauti. Ukituma kama sauti yabanwa, halafu nitalaumu vifuu bure.

Msimulizi wa Rangi Tatu

Nimekupata. Umeme ukirudi napandisha WAV yenyewe, nakuwekea linki PM.